MINYOO BAPA: KICHWA CHA MNYAMA WA UDHIYA TUNAKITUPA WAPI?



Wafugaji wa Ngorongoro wanaufahamu vizuri ugonjwa ambao Wamaasai huuita ormilo. Kondoo au mbuzi hujitenga na kundi, huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka mahali pamoja, na mwisho hushindwa kusimama akafa. Fuvu likipasuliwa, mara nyingi ndani ya ubongo hukutwa mfuko wa maji wenye vidoa vyeupe. Kila kidoa ni kichwa cha tegu mchanga. Tegu ni mmoja katika jamii ya minyoo bapa. Tuijue kwanza jamii hiyo, kisha tuone inatuhusu vipi.

Minyoo bapa ni nini?

Mwili wa minyoo hii, ambayo wataalamu huiita Platihelminthesi, umelala kama utepe au jani. Haina mapafu, moyo wala damu. Oksijeni hupenya kwenye ngozi moja kwa moja, ndiyo maana mwili wake hauna budi kuwa mwembamba; ungekuwa mnene, hewa isingefika katikati. Mingi ina viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja. Vitabu vya shule huigawa katika makundi manne:

1. Turbelaria. Wengi wao huishi huru majini au penye unyevu. Mfano ni planaria, ambaye akikatwa vipande viwili, kila kipande huweza kuota sehemu iliyopungua.
2. Monojenea. Hawa hung'ang'ania hasa ngozi na mashavu ya samaki.
3. Trematoda. Humu wamo minyoo ya ini ya ng'ombe na minyoo ya kichocho, ambayo lazima ipitie kwa konokono wa majini. Minyoo ya kichocho ina dume na jike mbalimbali, tofauti na wenzake wengi.
4. Sestoda, yaani tegu. Hana mdomo wala tumbo. Hufyonza kwa ngozi yake chakula kilichokwisha kusagwa na mwenyeji wake.

Wataalamu wa leo wanasema makundi matatu ya mwisho yana asili moja, lakini Turbelaria ni mchanganyiko uliobaki na jina kwa mazoea tu.

Mzunguko wa tegu

Tegu wa ormilo, Taenia multiceps, akiwa mkubwa hukaa katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na kuangukia majani. Kondoo akiyala, buu hutoboa utumbo, husafiri kwa damu na kutulia ubongoni. Kondoo huyo akichinjwa, na kichwa kibichi akatupiwa mbwa, safari inaanza upya. Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019 ulithibitisha kuwa tegu huyu ni chanzo kikubwa cha ormilo kwa kondoo na mbuzi.

Yuko ndugu yake mdogo, Echinococcus granulosus, asiyezidi milimita chache. Naye hukaa kwa mbwa, lakini mifuko yake huota katika ini na mapafu ya ng'ombe, kondoo, mbuzi, na hata binadamu aliyemeza mayai kwa mikono michafu, maji au mboga. Uchunguzi wa wanyama waliochinjwa Wilaya ya Ngorongoro, uliochapishwa mwaka 2009, uliikuta mifuko hiyo kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Kwa binadamu mfuko hukua polepole miaka mingi bila maumivu. Ukipasuka ndani ya mwili unaweza kuua. Tiba yake ni dawa kama albendazole, au upasuaji.

Je, asiyekula nguruwe amesalimika?

Wengi hudhani hivyo. Ni kweli kuwa tegu wa nguruwe, Taenia solium, huingia tumboni kwa kula nyama hiyo isiyoiva. Lakini mtu mwenye tegu huyo akijisaidia ovyo, mayai hufika kwenye maji na mboga. Anayeyameza, hata kama hajaonja nguruwe maishani, huweza kupata mifuko ubongoni na kuanguka kifafa. Jambo hili limechunguzwa hapa jirani Mbulu. Basi mgonjwa wa kifafa apelekwe hospitali, asidhaniwe kuwa ana mashetani tu.

Tufanye nini?

Sikukuu ya Idd-el-Hajj tunachinja wanyama wengi kwa siku moja, na mbwa hukusanyika. Kwa hiyo:

• Vichwa visivyoliwa, pamoja na ini na mapafu yenye mifuko, vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua.
• Mbwa wa kuchungia apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo.
• Nyama iive vizuri, na mboga zioshwe kwa maji safi.
• Kila nyumba iwe na choo, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Tumefundishwa kuosha mara saba chombo alichokilamba mbwa, na tunafuata. Lakini haifai tuoshe chombo kwa uangalifu huo, kisha nyuma ya nyumba tumtupie mbwa huyo huyo ubongo mbichi. Mwanafunzi unayesoma haya, Idd ijayo shika jembe wewe, uchimbe shimo kabla kisu hakijanolewa.

Wabillahi tawfiq.