Mtoto anayecheua maziwa: uji usianze kabla ya miezi 6

Mtoto wa miezi mitatu akicheua maziwa kila mara, si ajabu mjini Bukavu ao Goma kusikia bibi ao jirani akishauri: mpe uji, utamtuliza tumbo. Ni shauri la upendo, lakini linaweza kumuumiza.

Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linaomba mtoto apewe maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Kucheua kunatokea kwa sababu mlango wa tumbo haujakaza bado, na kwa watoto wengi kunaisha karibu na mwaka mmoja.

Miezi 6 ikitimia, mama aanze na vijiko 2 ao 3 vya uji mzito, usiodondoka kijikoni, ao avoka iliyopondwa. Uji mwepesi kama maji unajaza tumbo bure na kurudi upesi. Chakula kipya kiwe kimoja kimoja, ili kinachomsumbua kijulikane. Ale akiwa wima, asilazwe palepale. Hata kitenge cha kumbebea mgongoni kingoje kidogo, maana kinabana tumbo.

Akitapika kijani ao damu, ao akipungua kilo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.