MIKONO HAITULII? ANGALIA UNACHOKICHEZEA!

Hivi msomaji wangu, ukiwa umekaa unasubiri basi au matokeo ya mtihani, mikono yako unaiwekaga wapi? Usicheke. Wapo wanaotafuna kucha, wapo wanaobofya kalamu ti-ti-ti mpaka jirani anakereka, na wapo wanaotikisa mguu kama cherehani.

Mimi nimo humohumo. Nyumbani Kahama, mama alikuwa ananipiga kofi la goti mezani: "Baba, tuliza huo mguu, unatumwagia chai!" Shuleni nilinyang'anywa vizibo vya soda visivyo na idadi, navizungusha chini ya dawati huku namsikiliza mwalimu. Yeye aliona utundu. Mimi nikiviacha tu, akili inatoka nje kupitia dirishani.

Basi bwana, kidato cha nne kikaisha, matokeo yakawa yale ya kuficha kwenye begi. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ana mwalo karibu na Katoro, Geita. Akaniita nikawe karani wa mifuko. Kwa wale wasiojua: mawe yakitoka duarani yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, halafu unachanganywa na zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Donge likichomwa, zebaki inapaa na dhahabu inabaki.

Kazi ya karani ni kusubiri. Unasubiri mashine, unasubiri maji, unasubiri mnunuzi. Siku moja mshikaji akanimiminia tone la zebaki kiganjani. Jamani! Linang'aa kama kioo, linateleza kama kitu hai, linakatika vipande na kuungana tena. Na zito ajabu, maana lita moja ya zebaki ina kilo 13 na ushee. Mguu wangu ukatulia palepale. Nikaomba kidogo, nikatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Miezi mitatu nilikuwa nacho mfukoni, usiku nakiweka chini ya mto.

BABU NA KIKOMBE

Pale mwaloni kulikuwa na mzee tuliyemwita Babu, amechoma dhahabu miaka mingi. Asubuhi moja nikamkuta anakunywa chai.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo chupa unalalaga nayo?"

"Ndiyo Babu. Inanituliza."

Akainua kikombe kwa mikono miwili. Kikatetemeka, chai ikamwagikia kwenye sahani. Akasema, "Na mimi ilikuwa inanituliza."

Sijifanyi daktari, mikono hutetemeka kwa sababu nyingi. Ila nilikwenda zahanati kuuliza, nikasoma pia, na nilichokikuta si mchezo. Zebaki haisubiri moto, hata kiganjani inatoa mvuke usioonekana wala kunuka. Ukiuvuta, sehemu kubwa, kama asilimia 80, inabaki mwilini na kufika hadi kwenye ubongo. Dalili zake ni mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau na kuwa na hasira za karibu. Mama mjamzito humdhuru hata aliye tumboni. Kule Danbury, Marekani, mafundi wa kofia waliotumia zebaki walitetemeka mpaka ugonjwa ukapewa jina la mji wao, na mwaka 1941 matumizi hayo yakasimamishwa. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, wa kupunguza zebaki.

Umeona kichekesho hicho? Kitu nilichokishika ili nitulie ndicho kinachomfanya mtu asitulie tena.

SASA TUFANYEJE?

Kuchezesha mikono si ugonjwa wala si uhuni. Mwaka 2009 mtaalamu wa Uingereza, Jackie Andrade, aliwapa watu 40 simu ya kuchosha waisikilize. Nusu yao walipaka rangi vijimaumbo huku wakisikiliza, na hao ndio waliokumbuka zaidi kwa asilimia 29. Kazi ndogo ya mkono inaweza kuizuia akili isizurure.

Lakini si kila kichezeo kinafaa. Mwaka 2017 dunia ilipagawa na spina, vile vidude vya mapanga matatu vinavyozunguka kidoleni, na shule nyingi za Marekani na Uingereza zikavipiga marufuku. Tatizo lake ni macho: ukikitazama kinavyozunguka, somo limekupita. Kwa watoto wenye usonji au wasiotulia, wapo wanaosaidika na vichezeo vya mkononi na wapo wasiosaidika. Mzazi amwangalie mwanawe, asifuate fasheni.

Kwa hiyo kanuni zangu ni hizi: kisitake macho, kisipige kelele, kisiwe na sumu. Na huna haja ya kununua. Wazee wetu wana tasbihi na rozari. Wasukuma wanaocheza isolo, yaani bao, wanajua raha ya kuviringisha kete kiganjani kabla ya kuzitawanya. Chukua puto, jaza mchele, funga vizuri, minya taratibu. Kipande cha tyubu ya baiskeli nacho kinavutika vizuri tu. Ila mtoto mdogo usimpe puto wala kete, atameza.

Kichupa changu? Sikukimwaga, maana ukimwaga umeisambaza tu. Nilikifunga vizuri nikamrudishia kaka. Akacheka, "Mdogo wangu umeanza uoga wa mjini." Siku hiyohiyo ikachomwa, na Babu alikuwa amekaa palepale. Hilo bado linanisumbua kuliko mguu wangu.

Nimerudi Kahama. Mfukoni nina kete mbili za isolo, na hata sasa naandika mkono mmoja, wa pili unaziviringisha. Mama anasema angalau haimwagiki chai. Kaka nimemwomba jambo moja: kama hawezi kuacha zebaki leo, basi watoto wasiisogelee, na asichomee karibu na watu. Amesema atafikiria.

Wewe uliye Nyarugusu, Katoro au kokote inakooshwa dhahabu, leo jioni mwulize mdogo wako ana nini mfukoni. Tukutane wiki ijayo.