Maziwa kwa paka: ni zawadi au ni shida?

Hapa Goma wengi wetu tunafuga paka sababu ya panya wanaotoboa mifuko ya unga na maharagi. Akiwamaliza, tunamwekea maziwa kama zawadi. Je, yanamfaa?

Paka mdogo anayenyonya ana nguvu ya kuyeyusha sukari iliyo ndani ya maziwa. Akiisha kuacha kunyonya, nguvu hiyo inapunguka. Akipewa bakuli nzima, sukari ile inachacha tumboni, gesi inajaa, anaharisha. Na mahali anapoharisha ndipo watoto wetu wanatambaa.

Wako paka wanaolamba kijiko kimoja bila shida. Hao tuwape mara mojamoja tu. Akiharisha, tuache kabisa. Kitoto cha paka kilichofiwa na mama kisilelewe kwa maziwa ya ng'ombe peke yake; tuulize mganga wa mifugo.

Kinywaji cha paka ni maji safi, kila siku. Zawadi yake iwe sambaza mbili tatu zilizochemshwa bila chumvi wala pilipili. Kikombe cha maziwa tumpe mtoto.