Kipimo cha mkojo kwa amri ya mahakama: usimamizi wake ni amana

Mwaka 1989 huko Miami, Marekani, ilianzishwa mahakama ya kwanza maalumu kwa watumiaji wa dawa za kulevya. Badala ya jela, mtuhumiwa hupewa matibabu chini ya jicho la hakimu, na hupimwa mkojo mara kwa mara bila kujulishwa siku.

Msimamizi wa kipimo amebeba amana. Kwa ajili ya stara, awe wa jinsia moja na anayepimwa. Apime joto la mkojo ndani ya dakika 4. Halisi huwa na nyuzi 32 hadi 38. Chupa ifungwe na kuandikwa mbele ya mwenyewe, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Nguo ikirukiwa, itoharishwe kabla ya swala.

Heroini huonekana siku 2 au 3 tu. Bangi, kwa aliyezoea kuvuta kila siku, yaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Kwa hiyo anayetubu leo anaweza kukutwa nayo. Kipimo cha haraka nacho hukosea. Kithibitishwe maabara kabla mtu hajafungwa.

Wazazi nanyi, msimfukuze mtoto kwa kipimo kimoja. Uislamu umetukataza kudhaniana vibaya.