Nguvu Isiyofika Gramu Moja

Pete ya waya wa platinamu, mzingo wake sentimita 6, hupitishwa kwenye mwali wa moto mpaka iwe nyekundu. Ikishapoa hutundikwa kwenye mizani na kuzamishwa kidogo ndani ya bika ya maji safi. Kisha bika huteremshwa taratibu. Pete haiachiwi mara moja: maji huinuka nayo kama pazia jembamba, namba kwenye mizani hupanda, hufika kilele, halafu hushuka pazia likikaribia kukatika. Kilele hicho ndicho kinachoandikwa daftarini. Kwa maji ya nyuzijoto 20, pete huvutwa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu gramu 0.9. Igawe nguvu hiyo kwa mzingo mara mbili, maana maji yameishika pete kwa ndani na kwa nje, nawe utapata kama milinyutoni 73 kwa kila mita. Huo ni mvutano wa uso wa maji. Wa ethanoli ni kama 22, wa zebaki unazidi 480.

Mvutano huo hutokana na molekuli kuvutana. Molekuli iliyo katikati ya maji ina jirani kila upande, ile ya juu kabisa haina jirani juu yake. Kwa hiyo uso mzima huvutwa kuelekea ndani na hujaribu kuwa mdogo kadiri unavyoweza.

Pete inahusishwa na Mfaransa Pierre Lecomte du Noüy, na mafundi wa maabara huipenda kwa sababu kazi yake ni ya haraka. Ila ina dosari: lile pazia lina uzito wake, kwa hiyo jibu lazima lirekebishwe. Kibamba cha Ludwig Wilhelmy, cha mwaka 1863, hakihitaji marekebisho hayo. Kinagusa uso wa maji na kutulia hapo, mizani inasomwa, basi.

Hesabu zenyewe ni nyepesi. Kinachosumbua ni uchafu. Mafuta yaliyobaki kwenye kidole kilichogusa ukingo wa bika yanatosha kuharibu kipimo, kwani hutanda juu ya maji kwa unene wa molekuli moja tu. Jicho halioni kitu, lakini mizani inaona. Ndiyo maana pete huchomwa kwanza.

Aliyetufundisha kuutawala uchafu huo hakuwa na maabara. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862, akaishi Braunschweig, Ujerumani, wakati ambapo vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Alibaki nyumbani akiwauguza wazazi wake. Akiwa na umri wa miaka kama 20 alitengeneza beseni la bati lenye urefu wa sentimita 70, upana wa 5 na kina cha 2, akalijaza maji hadi ukingoni. Juu yake alikingamisha ukanda wa bati, upande wake wa chini ukigusa maji. Akiusogeza ukanda huku, uso wa maji unatanuka. Akiusogeza kule, unabanwa pamoja na chochote kilichotanda juu yake. Kwa ukanda huohuo aliweza kuukumba uchafu kando na kubaki na maji safi. Mvutano aliupima kwa mizani ndogo na kisahani cha milimita 6, akitafuta nguvu ya kukibandua kutoka majini.

Aliona jambo la ajabu. Uso wenye mafuta kidogo ukiwa mpana, mvutano wake ni uleule wa maji safi. Ukibanwa mpaka kiwango fulani, mvutano unaanza kuporomoka ghafla. Leo tunajua kwamba hapo ndipo molekuli za mafuta zimebanana bega kwa bega. Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akahakikisha barua hiyo inachapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi. Naona uchungu nikifikiria miaka yote aliyokaa na matokeo hayo bila mtu wa kumsikiliza. Irving Langmuir wa Marekani aliliboresha beseni lile, na utafiti wake kuhusu nyuso ukampa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1932.

Katika miaka ya 1950 beseni la aina hiyo, pamoja na kibamba cha Wilhelmy, liliingia kwenye utafiti wa mapafu. Vifuko vya hewa vina utando wa majimaji, na mvutano wake ungevifanya visinyae kila mtu anapotoa pumzi. Mwaka 1957 John Clements alionyesha kwamba dondoo ya mapafu ina kitu kinachoshusha sana mvutano huo uso unapobanwa. Miaka miwili baadaye, Mary Ellen Avery na Jere Mead walipima dondoo za mapafu ya watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua. Zilibanwa, lakini mvutano haukushuka inavyotakiwa. Mapafu hayo yalikuwa hayajaanza kutengeneza kitu hicho cha kutosha.

Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake, nchini Japani, waliwatilia watoto njiti 10 wenye tatizo hilo dawa mapafuni ya kuziba pengo hilo, iliyotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe. Oksijeni katika damu yao ilipanda ndani ya saa chache.