Pai na kihenge: tatu na subui yatosha

Pai (nomino, ngeli ya i-/zi-; alama yake π) ni uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake. Duara liwe kubwa au dogo, la sufuria au la kisima, uwiano huo haubadiliki: mzingo ni mara tatu ya kipenyo na ziada kidogo, nayo ziada hiyo haina mwisho wa kuandikwa, 3.14159 na kuendelea. Kwa kuwa hakuna sehemu iwezayo kuitaja thamani hiyo kwa ukamilifu, kila ahesabuye hulazimika kukadiria. Linalobaki ni kuamua ukadiriaji upi unafaa kazi ipi.

Uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, una maduara mengi ya kuhesabiwa. Wafipa hulima matuta ya mviringo, ntumba, ambayo ndani yake hufukiwa majani yaoze yawe mbolea. Malungu, tanuri ndefu ambamo wazee wao waliyeyushia chuma, zilikuwa za duara, na kihenge cha nafaka kilichofumwa kwa fito ni duara vilevile. Kihenge ndicho mfano ufaao zaidi, maana mwenye nacho hutaka kujua jambo lisilo la mchezo: auze magunia mangapi, na mangapi yabaki ya kula hadi mavuno mengine.

Kichukuliwe kihenge chenye kipenyo cha ndani cha meta 2, kilichojaa mahindi makavu yaliyopukuchuliwa hadi kimo cha meta 1.5. Kwa lugha ya darasani umbo hilo ni mche duara, na ujazo wake hupatikana kwa kuzidisha pai, nusu kipenyo mara nusu kipenyo, kisha kimo. Atumiaye 3 kwa kuwa ni rahisi kichwani hupata meta 4.5 za ujazo. Atumiaye 22/7 hupata 4.714. Tofauti yaonekana ndogo, lakini meta moja ya ujazo ya mahindi makavu ina uzito wa kilo 720 hivi. Kwa hiyo tofauti hiyo ni takriban kilo 154, gunia moja na nusu lililomo kihengeni lakini halimo kwenye hesabu.

Sehemu 22/7 kwa kawaida husomwa “ishirini na mbili juu ya saba”, au “tatu na sehemu moja ya saba”. Kiswahili cha pwani kina neno fupi zaidi, subui, yaani sehemu moja ya saba, ndugu wa thuluthi, humusi na thumuni. Tatu na subui ni usemi sahihi kabisa, na ni hasara kwamba umeachwa. Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba pai ni ndogo kuliko tatu na subui na ni kubwa kuliko 3 na 10/71. Maana yake ni kwamba 22/7 huzidisha kidogo, haipunguzi kamwe. Katika kihenge kile huzidisha lita 2 zisizotimia, kama kilo moja na nusu ya mahindi. Wengi hudhani 3.14 ni sahihi zaidi kwa kuwa imeandikwa kwa desimali. Sivyo: 3.14 hupunguza karibu lita 2 na nusu, hivyo iko mbali zaidi na kweli, ingawa kwa mahindi hakuna atakayeiona tofauti hiyo.

Hesabu ya kihenge, kwa hakika, ni ya kale sana barani Afrika. Hati ya Kimisri iliyonakiliwa na mwandishi Ahmes miaka 3,500 hivi iliyopita, ambayo leo imo katika British Museum mjini London, ina swali la ghala la duara lenye kipenyo cha dhiraa 9 na kimo cha dhiraa 10. Kanuni yake: ondoa sehemu moja ya tisa ya kipenyo, kinachobaki kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa kimo. Jibu ni dhiraa 640 za ujazo. Pai haitajwi popote, ila kanuni hiyo ni sawa na kutumia 3.16. Kwa kihenge cha Ufipa ingezidisha lita 28 tu, bora kuliko 3 kwa mbali.

Hatari kubwa zaidi haimo katika pai. Kihenge kilichojaa hakipimiki kipenyo kwa ndani. Hupimwa kwa kamba inayozungushwa nje, na mzingo huzidishwa kwa 7 na kugawanywa kwa 22. Kamba ikisoma meta 6.6, kipenyo ni 2.1. Lakini hicho ni kipenyo cha nje. Ukuta wa fito na udongo wenye unene wa sentimeta 5 hula sentimeta 10 za kipenyo, na asahauye kuziondoa hujihesabia karibu kilo 350 za ziada. Hayo ni magunia matatu na nusu aliyomwahidi mnunuzi na ambayo hayapo, au, jambo baya zaidi, aliyoyauza kutoka fungu la watoto. Mwenye desimali kumi za pai na kamba iliyolegea hajapata kitu.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya kukisia na kukadiria. Akisiaye hutazama kihenge na kutaja idadi. Akadiriaye hupima, huhesabu, na hujua jibu lake laweza kukosea kwa kiasi gani. Wala kadirio si badala ya mizani: ni la kupanga kabla ya kuuza.

Pai isichanganywe na pia, jina la umbo kama la mwanasesere azungukaye kwa ncha, ambalo ndilo umbo la nafaka iliyorundikwa juu ya ukingo wa kihenge au debe. Ujazo wa pia ni theluthi moja ya mche duara wenye kitako na kimo sawa nayo, hivyo hesabu ya rundo huhitaji maneno yote mawili katika sentensi moja.

Kuhusu maandishi: Tanzania hutumia nukta, 3.14, nayo husomwa “tatu nukta moja nne”. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, shule zilizofuata Kifaransa huandika 3,14 kwa mkato. Mfanyabiashara wa Kasanga aandikianaye na mwenzake wa Moba hana budi kutaja kipimo kila mara, kwa kuwa 4.714 na 4,714 ni namba mbili tofauti Sumbawanga. Ila zikiwa meta za ujazo kwa ile ya kwanza na lita kwa ile ya pili, ni mahindi yale yale.