Akiba Haiozi, Lakini Mahindi Huoza

Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Usemi huo ni wa kweli, ila kwa mahindi una sharti moja: sharti yakauke kabla ya kufungiwa ghalani. Katika Meru na Embu, tangu miteremko ya Mlima Kenya hadi nchi kavu ya Tharaka na Mbeere, mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka. Mahindi ya mvua za vuli huvunwa yapata Februari na Machi, na mara nyingi masika huwadia kabla hayajakauka. Hapo ndipo mwenye nyumba huyaingiza ndani yangali na unyevu, kwa kuhofia mvua na wezi.

Hatari ya jambo hilo ilidhihirika mwaka 2004. Watu 317 waliugua nchini Kenya na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, zilizokuwa katika Mkoa wa Mashariki wa wakati ule pamoja na Meru na Embu. Walikuwa wamekula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Kwa hiyo, kuitunza ghala vizuri ni kulinda uhai wa watoto.

Kazi ianze kabla ya mavuno. Ondoa nafaka yote ya zamani, fagia kila pembe, na taka hizo uzichome. Usichanganye kamwe mahindi ya kale na mapya, kwa kuwa fukusi hungoja humo. Chunguza na miti ya ghala pia. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyeingia Kenya katika miaka ya 1980, hutoboa hata mbao na kujificha ndani yake. Ziba mianya ya paa isivuje, na miguu ya ghala uivike bati ili panya wasipande.

Anika mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, maana ukungu hutoka ardhini. Yageuze mara kwa mara, na jioni uyafunike. Wakati wa kupukuchua, usiyapige sana kwa fimbo, kwani punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu na wadudu.

Je, utajuaje kama yamekauka? Twaa chupa ya kioo iliyo safi na kavu. Tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, utikise vizuri, kisha uache kwa robo saa. Chumvi ikigandia kioo, mahindi yana unyevu wa kupita sehemu 15 katika mia. Isipogandia, yafaa kuyaanika siku moja au mbili zaidi, maana kiasi kilicho salama ni 13 au chini yake.

Magunia na yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ili hewa ipite. Yako pia magunia yenye mifuko ya plastiki ndani, yasiyopitisha hewa. Mahindi yakiwa makavu na mifuko ikifungwa barabara, wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Lakini ukitia mahindi yenye unyevu, umeifungia hasara yako mwenyewe.

Karani anunuaye gunia sokoni naye asitazame punje za juu tu. Atie mkono hadi katikati, anuse, na akiona punje zenye ukungu asinunue. Nyumbani, zichambue na kutupa zilizooza. Kukoboa nako hupunguza sumu. Mahindi mabovu usimpe hata ng'ombe, kwa sababu sumu hupita katika maziwa na kuwarudia watoto wale wale.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji ufagio, turubai, chupa, na mtu asiyeahirisha. Basi mwenye ghala asingoje harufu ya uvundo imwite.